Hakuna Aliyekufa, Bwana Mhariri

Kila nilipopiga simu gazetini, kabla sijamaliza kutaja jina la kituo chetu, mhariri alikuwa ameshaniuliza: "Wangapi wamekufa?"

"Hakuna aliyekufa, bwana mhariri. Ni ngoma."

"Ngoma gani?"

"Ya akina mama wa Silanga, Kibera. Wanaimba dodo, zile nyimbo za wanawake wa Kijaluo."

"Na kuna mtu aliimba akafa?"

Alidhani anachekesha. Mimi nilikuwa nimesimama na mkono wa simu sikioni, kidole cha mkono mwingine kimeziba sikio la pili, kwa sababu upande wa pili wa ukuta palikuwa na poshomili ikinguruma, na wenye mahindi yao hawakungoja nimalize kuongea na waungwana wa mjini. Siku moja mhariri aliniuliza kama nimeajiriwa kiwandani. Nilimwambia mimi ni afisa wa habari. Akacheka tena.

Hicho ndicho kilikuwa cheo changu katikati ya miaka ya tisini: afisa wa habari wa kituo cha utamaduni, Gatina, Kawangware. Cheo kilikuwa kirefu kuliko ofisi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, meza moja, mashine ya kuchapa isiyokuwa na herufi ya k iliyo sawa, na viti vya plastiki tulivyoazimwa na kanisa na kunyang'anywa kila palipotokea harusi. Baba yangu, aliyekuwa na ploti zake hapo hapo Gatina na wapangaji wake, hakuielewa kazi hiyo hata siku moja. Alisema kama kuongea ni kazi, basi kasuku angekuwa na ploti.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Kituo kilikuwa na vikundi vya ngoma na maigizo kutoka Kawangware na Kibera, na mimi nilitakiwa kuyafanya magazeti yaandike habari zao. Jumapili moja tu, ukitoka Gatina ukashuka hadi Kibera kwa miguu, ungesikia ngoma za isukuti za Waluhya, orutu ya Wajaluo, ile fidla ya uzi mmoja, Wanubi wakicheza doluka kwenye harusi, na waumini wa makanisa ya kienyeji wakipita na ngoma na bendera zao barabarani. Ukifungua gazeti Jumatatu, ungesoma kwamba Kibera kuna chang'aa na Kawangware kuna wezi. Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa, na mbuzi mwenyewe alikuwa na digrii.

Lakini nisiwaonee wahariri peke yao. Mwenyekiti wetu naye alikuwa mtihani. Mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa tai hata Jumamosi, aliamini kwamba habari haiwezi kwenda gazetini bila itifaki. Nikiandika, "Akina mama wa Silanga wataimba Jumamosi," aliirudisha karatasi imejaa wino mwekundu. Kwanza atajwe mkuu wa tarafa. Kisha chifu. Kisha naibu wa chifu, diwani, mchungaji, wazee wa vijiji, wafadhili ambao hatukuwa nao bado, na "wageni wengine waheshimiwa." Akina mama wa Silanga walitokea mwisho wa ukurasa wa pili, pamoja na chai.

"Mzee, mhariri hasomi hadi huku chini," nilimwambia.

"Asiyesoma hadi chini hakufundishwa vizuri," alijibu.

Na kulikuwa na majirani. Habari zilipoenea kwamba binti wa fulani anaongea na magazeti, chumba changu kiligeuka kituo cha polisi. Huyu amepoteza kitambulisho. Yule anataka itangazwe kwamba mke wake si mke wake tena tangu Alhamisi. Mwingine alikuja na picha ya mbuzi. Niliwaeleza mara ngapi kwamba mimi si mwenye gazeti, mimi ni mwombaji mlangoni kwa mwenye gazeti? Walinitazama kama watu wanaomtazama mchoyo.

Aliyenielewa alikuwa mmoja, na huyo alikuwa kiongozi wa kile kikundi cha dodo. Aliuza makaa Silanga, karibu na bwawa, mahali ambapo wengine walilima sukuma wiki na nduma kwenye majimaji. Alikuwa amepita miaka hamsini, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyebeba magunia. Kibanda chake cha makaa kiliegemea nyumba yake, au nyumba iliegemea kibanda. Nilipomtembelea mara ya kwanza nikaanza kumweleza afisa wa habari ni nani, alininyamazisha kwa mkono mweusi.

"Hiyo kazi yako tuko nayo kwetu," alisema. "Si ni pakruok?"

Kisha akanifundisha. Kwao, orutu ikilia na watu wakicheza, mtu yeyote anaweza kuusimamisha muziki. Anamtuza mpigaji kitu kidogo, muziki unanyamaza, na yeye anasimama na kujisifu: ni nani, ametoka kwa nani, wanaomchukia wanapata tabu gani. Anajisifu kwa mafumbo na kwa mzaha, watu wanashangilia, kisha muziki unaendelea. Hakuna anayemwona ana majivuno. Mwenye kukaa kimya ndiye wanayemshangaa, kama hana kwao.

"Sasa wewe unasimamisha gazeti," alisema, "unasema sisi ni nani, halafu gazeti inaendelea. Ni sawa. Lakini mbona hiyo yako haisimami?"



Aliniambia pia jambo alilolitaka, bila kuzunguka. Alikuwa ameimba tangu utotoni, na maisha yake yote ameimbia watu waliokuwa wanafanya jambo lingine. Matangani watu wanalia na kupika. Harusini wanakula. Kwenye sherehe zetu mgeni rasmi anamnong'oneza chifu sikioni. Na sauti yake ilikuwa inakwenda. Vumbi la makaa lilikuwa limemkaa kifuani, na kila Januari alipoteza noti moja ya juu ambayo haikurudi.

"Nataka kuimba mara moja tu," alisema, "mahali watu wamekaa chini, hawali, hawalii, wananisikiza. Mara moja. Halafu niuze makaa."

Mwaka huo nafasi ilitokea. Shirika moja la utamaduni lililokuwa na ukumbi mzuri mjini, wenye viti vilivyofungwa sakafuni na taa za jukwaani, lilitangaza kwamba litachagua kikundi kimoja cha mtaani kiimbe hapo wiki nzima. Sharti lilikuwa moja la kukera: kikundi kilete angalau kipande kimoja cha gazeti kuonyesha kwamba kinajulikana. Nilisoma sharti hilo nikataka kutupa kitu. Kikundi kingekuwa kinajulikana, kingekuwa kinahitaji nini?

Basi nikaanza. Niliandika habari fupi na kuificha mwenyekiti asiione. Niliandika ndefu. Nilikwenda mwenyewe magazetini, nikakaa kwenye benchi la mapokezi na watu waliokuja kutangaza vifo. Mhariri wa burudani aliniambia kwamba dodo si burudani, ni utamaduni. Wa utamaduni hakuwepo. Ukurasa wake ulikuwa umefutwa. Wa habari za mikoani aliniambia Kibera si mkoani, ni Nairobi. Wa Nairobi ndiye yule wa wangapi wamekufa. Tulifanya onyesho Gatina hasa kwa ajili ya waandishi, mwenyekiti akasoma itifaki, akina mama wakaimba vizuri hadi wenye poshomili wakazima mashine, jambo ambalo sijaliona tena. Alikuja mpiga picha mmoja. Alitaka kumpiga picha mkuu wa tarafa, na mkuu wa tarafa alikuwa hakuja, kwa hiyo alimpiga aliyemwakilisha, akaondoka. Picha haikutoka.

Mama wa makaa alikuwa akija Ijumaa kuniuliza. Hakulaumu. Aliuliza tu, "Bado inaendelea?" akimaanisha gazeti, kwamba bado linapita bila kusimama. Nami nilikuwa nikijibu bado, Mama, huku nikimkasirikia kila mtu duniani, na yeye mwenyewe kidogo, kwa kuniamini.

Moto ulishika Silanga mchana mmoja wa kiangazi, siku chache kabla ya maombi kufungwa. Jiko la mtu liliangukia pazia, upepo ukafanya yaliyobaki. Watu wote walikuwa macho, watoto walikuwa nje, hakufa mtu. Nilifika moshi ukiwa bado unapanda. Nyumba yake haikuwepo, na moto wa kibanda chake ulikuwa mkubwa kuliko kibanda nilichokijua, kwa sababu makaa yote yalikuwa yamewaka pamoja na hakuna aliyeweza kusogea hapo. Yeye alikuwa amesimama kando na sufuria mbili na leso aliyoivaa. Wenzake wa kikundi walikuwa wamemzunguka, na yule mpigaji orutu, mwanamume pekee katika kikundi, alikuwa amekumbatia orutu yake akikohoa.

Nilimpigia mhariri simu kutoka kibanda cha simu cha Ayany, mtaa wa nyumba za mawe ulio jirani. Sikujua nifanye nini kingine. Nilidhani watu wakisoma wataleta blanketi.

"Wangapi wamekufa?"

"Hakuna. Nyumba nyingi zimeungua."

Alifikiri kidogo. "Moshi unaonekana?"

Moshi ulionekana, kwa hiyo akamtuma mwandishi. Alikuja kijana mwenye viatu safi, akaruka mitaro, akatazama huku na huku akitafuta anayelia. Wenzake yule mama walikuwa wanalia. Yeye hakulia, kwa hiyo angeweza kujibu maswali, ndiyo maana nadhani alimwendea. Nilikuwa hatua chache, nikisaidia kutoa mabati, nikasikia.

"Sasa mathe. Pole sana. Wewe ni nani, na umepoteza nini?"

Naye mama akaona kwamba gazeti limesimama. Baada ya miezi yote ile, mwandishi yuko mbele yake, kalamu mkononi, anauliza wewe ni nani. Mtu wa kwao haachi nafasi kama hiyo ipite. Alinyoosha leso yake, akapandisha kidevu, na akajisifu. Nilitamani kukimbia nimzibe mdomo, na pia nilitamani aendelee, kwa sababu sijawahi kusikia pakruok kama ile. Wenzake waliacha kulia wakaanza kumshangilia, palepale majivuni. Mpigaji orutu alikohoa na kucheka pamoja. Kijana aliandika kila neno, macho yamemtoka.

Kesho yake habari ilitoka, ukurasa wa ndani, chini. Naikumbuka vizuri kwa hasira niliyoisoma nayo. Ilisema moto umeteketeza vibanda Kibera. Ilisema mama mmoja muuza makaa, kiongozi wa kikundi cha nyimbo, alionekana kuchanganyikiwa kwa mshtuko. Alipoulizwa amepoteza nini alijibu kwamba yeye ni binti wa ziwa lisilokauka, kwamba yeye ni moshi wa jikoni, ukimkimbia utalala njaa, na kwamba akiimba Silanga, wakazi wa Ayany huzima redio. Majirani, ilisema habari, nao walikuwa wakishangilia, ishara ya jinsi mkasa huo ulivyowaathiri kiakili.

Nilipiga simu papo hapo. Poshomili ilikuwa inasaga na sikujali, nilipiga kelele kuishinda. Nilimwambia mhariri huyo mama hana wazimu wowote, hiyo ni desturi, ni sanaa, watu wanafanya utafiti juu yake, na kama angekuja siku moja tu kati ya siku nilizomwalika angejua. Aliningoja nimalize.

"Madam," alisema, "alisema hayo ama hakusema?"

"Alisema."

"Basi tumemnukuu sawasawa. Hebu tuache tufanye kazi."

Mwenyekiti alikuwa ameisoma pia, na tai yake ilikuwa imepinda, jambo lililoonyesha uzito wa hali. Alisema kipande hicho kisionekane na mtu. Tungewaambia nini wale wa ukumbini, kwamba tunawaletea wagonjwa wa akili? Kwa mara ya kwanza nilikubaliana naye. Maombi yafe. Nilikwenda Kibera kumwambia mama mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa tayari kwenda. Alikuwa amehifadhiwa kwa mwenzake, upande ambao moto haukufika. Aliniomba nimsomee. Nikasoma nikiruka yale maneno ya kuchanganyikiwa.

"Usiruke," alisema. "Soma yote."

Nikasoma yote. Alisikiliza, uso umetulia.

"Ati Ayany wanazima redio. Aliandika hiyo?"

"Ameandika, Mama. Lakini anasema umechanganyikiwa."

"Hiyo ni maneno yake. Anaweza kujisifu vile anataka." Aligusa gazeti mkononi mwangu. "Na amesema ni kiongozi wa kikundi cha nyimbo. Si ndiyo hao watu wanataka? Peleka, nyathina."

Nyathina, kwa lugha yao, maana yake ni mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo kabla. Nikapeleka, bila kumwambia mwenyekiti, nikijua hakika kwamba nakwenda kumwaibisha mwanamke aliyekwisha kuunguliwa na nyumba.

Majibu yalikuja kwa simu. Mama mmoja wa lile shirika lenye ukumbi, sauti laini, Kiswahili cha kitabuni. Alisema wiki ya ukumbini wamewapa wengine, kikundi chenye sare. Lakini kile kipande cha gazeti kimewagusa sana. Walikuwa na mkutano ukumbini humo kuhusu mioto ya mitaa ya mabanda, wageni watakuwepo, mabalozi wawili watatu, vyombo vya habari vyote. Wangependa yule mama aje aeleze mateso yake. Kutakuwa na mkalimani.

Nilikaa na simu mkononi baada ya yeye kukata. Nilichoka. Sijui neno lingine. Nilikuwa nimebisha mlango mwaka mzima ili watu hawa wamsikie akiimba, na mlango umefunguliwa ili wamsikie akilia. Nilikwenda Silanga nikiwa nimeshaamua atakataa, na kama hatakataa nitamkatalia.

Alikuwa ameanza tena na debe moja la makaa, sehemu ileile, chini ya karatasi ya nailoni. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hao watu," aliuliza, "watakuwa wamesimama ama wamekaa?"

"Wamekaa. Viti vimefungwa hapo chini."

"Watakuwa wanakula?"

"Kutakuwa na chai. Baadaye."

"Baadaye." Alipima makaa ya mteja, akaongeza kiganja kimoja juu. "Sawa. Tutaenda."

"Mama, umealikwa peke yako. Kuongea."

"Na mashahidi nitawaacha wapi? Moto si tuliuona wote?"

Kwa hiyo siku hiyo kilishuka mjini kikundi kizima cha mashahidi, wamevaa leso zinazofanana, na shahidi mmoja wa kiume aliyebeba orutu ndani ya mfuko wa unga. Mlangoni nilimweleza askari kwamba ni kifaa cha matibabu. Mwenyekiti alikuja na itifaki yake mfukoni. Na waandishi, ee Mungu wangu, waandishi walijaa. Wale wote walionikalisha kwenye benchi walikuwa hapo, kamera zao, vinasa sauti vyao, mhariri wa Nairobi mwenyewe akiwa safu ya mbele na kalamu. Kijana mwenye viatu safi aliniona akanipungia, kama marafiki. Sijawahi kuleta waandishi wengi hivyo mahali popote, kabla wala baada, na sikuwa nimewaleta mimi.

Mama wa sauti laini alimkaribisha jukwaani. Taa zilimwakia. Mkalimani alisimama kando na kipaza sauti chake.

"Mama, tueleze. Wewe ni nani, na siku ile nini kilitokea?"

 Mama wa makaa aliutazama ukumbi, safu kwa safu, kama mtu anayekagua gunia kabla ya kununua. Wote walikuwa wamekaa. Hakuna aliyekuwa na sahani. Akageuka kidogo, akaashiria kwa kichwa, na orutu ikalia kutoka safu ya pili, kwa shahidi.

Akaanza kuimba. Noti ya kwanza ilikwaruza, nikafumba macho kwa aibu na uchungu. Ya pili ikapanda. Wenzake walisimama mmoja mmoja, wakapanda jukwaani wakimwitikia, na sauti yake ikawa kama alivyoniambia ilikuwa zamani, au mimi ndiye nilikuwa sijaisikia mahali penye ukimya. Mimi Kijaluo sijui. Mkalimani alijua, alitafsiri mstari mmoja, akatafsiri nusu ya mstari wa pili, kisha akashusha kipaza sauti akasikiliza. Mama wa sauti laini alinitafuta kwa macho, akanifanyia ishara kwamba nimwambie asimame. Mwenyekiti, mwenye itifaki, alikuwa karibu nami. Nilimtegemea aende. Hakwenda. Alikuwa amevua miwani.

Hakuna aliyekula, hakuna aliyelia isipokuwa mimi, na mimi nililia kimya. Kijana mwenye viatu safi alitoka kitini kwake, akaja ameinama kati ya safu hadi nilipokuwa, akanigusa bega.

"Madam," alinong'ona, "ataanza kuongea juu ya moto saa ngapi?"

Nikamwambia akae chini.